Nani Alimchora Spider-Man Vizuri Kuliko Wote? Kwanza Tujue Nani Alichora Nini

Juni 2023, habari za kifo cha John Romita zilipotufikia, kwenye kundi moja la WhatsApp nililomo kulitumwa jalada la zamani la komiki pamoja na rambirambi kwa mchoraji "aliyetuletea Spider-Man." Mzee alikuwa na miaka 93, na wengi wetu tuliguswa kweli. Lakini jalada lile halikuwa lake. Lilikuwa la Amazing Fantasy namba 15, la Agosti 1962, lile ambalo Spider-Man ananing'inia juu ya mji huku amembana mhalifu kwapani. Penseli ya jalada hilo ni ya Jack Kirby. Wino ni wa Steve Ditko. Hadithi ya ndani, kurasa 11, aliichora Ditko, na maneno akayaandika Stan Lee. Romita alipokezwa kazi hiyo miaka minne baadaye.

Simlaumu aliyetuma. Watu wanne walikuwa wamevurugika ndani ya picha moja, na vurugu hiyo hiyo ndiyo inayoharibu ubishi wetu wa kila siku kuhusu nani mchoraji mkali wa Spider-Man. Huyu anamtaja Todd McFarlane, yule anaapa kwa Romita, wa tatu anasema wote hawamfikii Ditko. Ukiwasikiliza kwa makini, unagundua hawabishani juu ya kitu kimoja. Mmoja anasifu uso wa Mary Jane, mpenzi wa Spider-Man, mwingine anasifu namna utando ulivyosokotwa, na wa tatu anasifu hadithi iliyomliza akiwa mdogo. Ubishi wa namna hiyo hauwezi kufika popote. Naupenda ubishi huu sana, na ndiyo maana nataka tuufungue fundo kwa fundo.

Tuanze na komiki yenyewe. Ni hadithi inayosimuliwa kwa picha zilizopangwa ndani ya visanduku, na maneno yakiwa kwenye viputo juu ya vichwa vya wahusika. Hapo hakuna mgeni. Ugeni uko kwenye umiliki. Sisi tumezoea katuni za gazetini ambazo kila moja ina baba yake: Juha Kalulu ni wa Edward Gitau, Kingo ni wa James Gayo. Ukimwona mhusika, umeuona mkono wa mwenyewe. Spider-Man hakuzaliwa katika utaratibu huo. Yeye ni mali ya kampuni, Marvel ya New York, na kitabu chake kikuu, The Amazing Spider-Man, kilianza na namba 1 ya Machi 1963. Tangu hapo wachoraji wamekuja na kuondoka, na kijana Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man akivua barakoa, amebaki pale pale akirushwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Mfano wa karibu kwetu ni bendi za muziki wa dansi. Muulize shabiki wa kweli kama Msondo ni nzuri, naye atakuuliza kwanza: Msondo ipi? Ya NUTA, ya Juwata, au ya OTTU? Jina limebadilika, waimbaji wamepishana, wapiga gitaa wamehama, lakini mtindo una uzi unaoutambua hata ukiwa nje ya ukumbi. Shabiki huyo hasemi "Msondo" kana kwamba ni mtu mmoja. Anataja mwaka, mwimbaji, mpiga solo. Spider-Man anahitaji masikio ya namna hiyo hiyo, ila hapa tunatumia macho.

Sasa tuingie jikoni. Ukurasa mmoja wa komiki za Marekani kwa kawaida hupita kwenye mikono kadhaa. Kuna mwandishi wa hadithi. Kuna mchoraji wa penseli, ambaye hupanga visanduku, huamua tunamtazama mhusika kutoka juu au chini, karibu au mbali. Kuna mpiga wino, ambaye hupita juu ya penseli kwa kalamu au brashi, kwa sababu kwa miaka mingi penseli haikuweza kuchapishwa vizuri. Kuna mtia rangi, na kuna mwandika herufi. Ukiijua kofia ya viua ya pwani utalielewa hili haraka: anayechora maua ni mmoja, anayeshona vitobo anaweza kuwa mwingine, na kofia ikiharibika au kupendeza, mvaaji hajui amsifu nani.

Watu wengi hudhani mpiga wino ni mtu wa kufuatisha tu, kama mtoto anayepitisha kalamu juu ya nukta. Si kweli hata kidogo. Penseli inaweza kuwa na mistari mitatu pale inapohitajika mmoja. Mpiga wino ndiye anayechagua. Yeye ndiye anayeamua mstari uwe mnene au mwembamba, kivuli kiwe cheusi tititi au cha vistari. Brashi laini inaweza kumfanya binti wa penseli kali awe na uso wa upole, na brashi nzito inaweza kuufunika ustadi wote ulio chini yake.

Chukua namba 121 ya The Amazing Spider-Man, ya Juni 1973, ambayo huenda ndiyo iliyoumiza wasomaji kuliko zote. Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, anatupwa kutoka juu ya daraja. Spider-Man anarusha utando, unamnasa mguu, na kwa nukta moja tunaamini ameokoka. Sisi tuliokulia kwenye filamu tulishajua kwamba steringi hafi, na mpenzi wa steringi huokolewa dakika ya mwisho. Gwen alikuwa amekufa. Kando ya shingo yake pameandikwa mlio mmoja mfupi wa kitu kinachovunjika, herufi chache tu, na kwa miaka hamsini watu wamebishana kama aliuawa na anguko au na utando uliomsimamisha ghafla.

Muulize mtu nani alichora ukurasa huo, wengi watasema Romita, kwa sababu nyuso ni za Romita. Ukweli ni kwamba penseli ni ya Gil Kane. Ndiye aliyepanga lile anguko, ile miili iliyojinyoosha, ile kamera inayotazama kidevu kutoka chini. Romita na Tony Mortellaro walipiga wino, na brashi ya Romita ikazirudisha nyuso kwenye sura ambazo wasomaji walikuwa wamezizoea. Hadithi iliandikwa na Gerry Conway. Na ule mlio mdogo unatukumbusha kwamba hata herufi ni sehemu ya mchoro. Kwa hiyo anayesema "Romita ndiye bora kwa sababu ya kifo cha Gwen" amekosea nusu, na anayemjibu "hapana, ni Kane" naye amekosea nusu.

Kuna tata moja zaidi, na hii ndiyo ngumu kuliko zote: nani alisimulia? Miaka ya 1960 Marvel ilikuwa na utaratibu wake wa kazi. Stan Lee alikuwa akiandika vitabu vingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakumpa mchoraji hadithi kamili. Alimpa muhtasari, wakati mwingine wa mdomo tu. Mchoraji alikwenda nyumbani, akachora kitabu kizima, akiamua mwenyewe ugomvi uchukue kurasa ngapi na kilio kichukue visanduku vingapi. Kisha kurasa zilirudi kwa Lee, naye akatia maneno. Ni kama fundi aliyeambiwa "nijengee nyumba ya vyumba vitatu, sebule iangalie barabara," akasimamisha kuta na paa mwenyewe, ndipo mwenye nyumba akaja kupaka rangi na kutundika mapazia.

Katika hali hiyo mchoraji ni nusu ya mwandishi, pengine zaidi ya nusu. Mwaka 1965 kitabu chenyewe kilianza kumtaja Ditko kuwa ndiye mtunga mpango wa hadithi, na kufikia wakati huo yeye na Lee walikuwa hawazungumzi tena. Kwa hiyo dhana ya kwanza ya kuiacha ni ile ya kwamba "Stan Lee alimchora Spider-Man." Lee hakuchora. Aliandika, alihariri, na alikuwa msemaji hodari wa kampuni; sura yake ndiyo tuliyoizoea kwenye filamu, na umaarufu wa sura hiyo umewafunika watu waliokuwa na wino vidoleni. Upande wa pili, Mark Bagley aliyefanya kazi na Brian Michael Bendis miaka ya 2000 alipokea hadithi iliyoandikwa kamili, mazungumzo yakiwemo. Ukimlinganisha Bagley na Ditko kwa kipimo kimoja, umemlinganisha mwigizaji na mtu aliyeigiza huku akiongoza filamu.

Baada ya hapo ndipo tunaweza kuwatazama wenyewe.

Steve Ditko alizaliwa 1927 Johnstown, Pennsylvania, na alichora namba 1 hadi 38, akipiga wino mwenyewe. Kabla yake Kirby alijaribu kurasa chache, Lee akaona kijana ametoka shujaa mno, kifua mbele. Ditko alileta kijana mwembamba, mabega yamekunjamana, miwani usoni, mtu wa kupitwa kwenye korido za shule. Alipovaa vazi, hakusimama kama askari. Alichuchumaa, alijikunja, magoti yakapanda juu ya masikio, vidole vikatawanyika ukutani. Ukimtazama unaamini kuna kitu cha mdudu ndani yake. Ile ishara ya kurusha utando, vidole viwili vikiwa vimekunjwa kwenye kiganja, ambayo watoto wa dunia nzima wanaiiga bila kujua ilikotoka, ni ya mkono wake. Uso ambao nusu ni wa Peter na nusu ni barakoa, vistari vya mawimbi kuzunguka kichwa hatari inapokaribia, hivyo pia ni vyake.

Na barakoa yenyewe. Mashujaa wengi wa wakati ule walionyesha kidevu na mdomo ili msomaji aone wanavyotabasamu au kukasirika. Ditko alifunika uso wote. Ni uamuzi mgumu kwa mchoraji, kwa kuwa amejinyima chombo kikubwa kuliko vyote cha kuonyesha hisia, na tangu siku hiyo kila aliyemfuata amelazimika kuufanya mwili uongee badala ya uso. Faida yake ni kubwa: chini ya kitambaa kile anaweza kuwa mtu yeyote, wa rangi yoyote, wa mtaa wowote.

Tazama pia kasi yake. Kati ya Mei 1963 na Agosti 1964 kitabu kiliwaleta maadui wanane: Vulture, Doctor Octopus, Sandman, Lizard, Electro, Mysterio, Green Goblin na Kraven. Filamu zimekula kwenye ghala hilo kwa zaidi ya miaka ishirini na halijaisha.

Ditko aliondoka 1966. Romita aliingia namba 39, ya Agosti mwaka huo, na mwanzoni alijitahidi kumwiga Ditko kwa sababu aliamini mwenye kazi atarudi. Hakurudi. Taratibu mkono wa Romita ukajitokeza, na mkono huo ulikuwa umetoka mahali tofauti kabisa: miaka mingi alikuwa akichora komiki za mapenzi kwa kampuni ya DC. Alijua machozi yanavyosimama kwenye kope. Alijua nywele zinavyoanguka, namna ya kumweka msichana mlangoni hadi msomaji ashike pumzi.

Mary Jane alikuwa ametajwa tangu enzi za Ditko, lakini uso wake ulifichwa kwa makusudi. Ilikuwa namba 42, ya Novemba 1966, kisanduku cha mwisho, ambapo mlango unafunguliwa na tunamwona kwa mara ya kwanza. Nadhani hakuna mchoraji mwingine katika ofisi ile ambaye angeweza kuulipa mzaha ule wa muda mrefu kwa uso unaostahili. Peter naye alinyooka mgongo, akapata pikipiki na marafiki wa kukaa nao mkahawani. Kitabu kikageuka tamthilia ya vijana, nani anampenda nani, kodi ya nyumba italipwaje, na huku Green Goblin ni baba wa rafiki yako wa chumbani. Mauzo yalipanda. Sura ya Romita ndiyo iliyowekwa kwenye daftari, fulana na vikombe, na kwa kuwa baadaye alikuwa mkurugenzi wa sanaa wa Marvel, alirekebisha hata nyuso zilizochorwa na wenzake. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kufungua komiki hata moja, ukimwambia afumbe macho amfikirie Spider-Man, mara nyingi anamwona wa Romita.

Kuna kilichopotea hapo, na mashabiki wa Romita hawapendi kukisikia. Upweke ulipungua. Kijana wa Romita akisema hana bahati na wasichana, huku Gwen amekaa kulia na Mary Jane kushoto, inabidi umwamini kwa maneno tu. Kijana wa Ditko ulimwamini ulipomwona mgongo.

Gil Kane nimeshamgusa. Alikuwa mtu wa misuli na mwendo, ngumi zake zinatoka nje ya ukurasa. Alichora pia namba 96 hadi 98 za mwaka 1971, hadithi iliyohusu dawa za kulevya, ambayo Marvel iliitoa bila muhuri wa chombo cha maadili cha tasnia ya komiki. Ilikuwa hatua kubwa wakati huo.

Ninayetaka kukaa naye kidogo ni Ross Andru, kwa sababu hakuna anayemtaja vijiweni. Alichora kuanzia namba 125 ya 1973 hadi namba 185 ya 1978, ukiacha mapengo machache, na ndani ya kipindi chake Punisher, mlipiza kisasi mwenye bunduki, alijitokeza kwa mara ya kwanza, namba 129. Wapiga wino wake walikuwa wakibadilika, na baadhi yao walimzidi nguvu, kwa hiyo mtu akipekua haraka anaona kazi ya kawaida. Usipekue haraka. Tazama nyuma ya Spider-Man. Andru alizunguka New York na kamera akipiga picha majengo, kisha akayachora jinsi yalivyo. Wachoraji wengi huchora "mji": masanduku marefu yenye madirisha. Andru alichora kona fulani ya mtaa fulani, ikitazamwa kutoka ghorofa ya saba na mtu aliyening'inia kichwa chini. Kwa mara ya kwanza msomaji angeweza kujua Spider-Man yuko wapi, anaanguka kuelekea wapi, na ardhi iko umbali gani. Ukiwa na hofu ya mahali pa juu, kurasa zake utazisikia tumboni.

Miaka ya 1980 napita haraka, ingawa Ron Frenz anastahili heshima kwa kumrudisha Peter mwenye mabega ya Ditko. Namba 252 ya Mei 1984 ndiyo yenye vazi jeusi kwa mara ya kwanza ndani ya kitabu hiki. Wazo la vazi jeusi lilitoka kwa msomaji wa kawaida aliyelituma kwa kampuni, akalipwa dola 220. Liweke akilini hilo kila unaposikia mtu akisema vazi hilo "ni la" mchoraji fulani.

Todd McFarlane, Mkanada wa Calgary, aliingia namba 298 mwaka 1988. Kabla yake, utando wa Spider-Man ulichorwa kama ngazi nyembamba: mistari miwili sambamba na alama za mkasi katikati. Yeye aliusokota kama kamba ya katani, na nyuzi nyingine zikaning'inia ovyo pembeni. Wahariri wake waliufananisha na tambi. Macho ya barakoa akayakuza hadi yakakaribia kula uso wote. Viungo akavipinda pasipopindika. Namba 300 ikamleta adui Venom mzima mzima, meno na mate, akitokana na hadithi ya David Michelinie. Kwa kijana aliyekuwa na miaka kumi na miwili wakati huo, ilikuwa kama mtu amewasha taa.

Hapa kuna dhana mbili za kusafisha. Ya kwanza ni ile ya wazee, kwamba McFarlane hakujua kuchora kwa sababu miili yake haiwezekani. Kwani nani alimpima Tingatinga kwa kipimo cha chui wa Mikumi? Edward Saidi Tingatinga aliweka nukta, akainua mkia, akapanua jicho, na chui akawa chui zaidi. Mchoro wa komiki haupimwi kwa ukaribu wake na fotografia. Unapimwa kwa jinsi unavyobeba mwendo na hisia kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Na ukitazama vizuri ile mikunjo ya McFarlane, ni mdudu yule yule wa Ditko aliyerudi baada ya miaka ishirini ya miili mizuri ya kunyooka. Nina lawama moja tu juu yake, nayo ni ya kweli: visanduku vyake vinapendeza kimoja kimoja, lakini mara nyingi huhitaji maneno ili ujue nini kimetokea baina yao.

Dhana ya pili ni ya vijana, kwamba yeye ni bora kwa sababu aliuza. Mwaka 1990 Marvel ilimpa kitabu kipya aandike na kuchora mwenyewe, Spider-Man namba 1, na nakala zaidi ya milioni 2 ziliuzwa. Ni idadi ya kutisha. Lakini kilitoka na majalada ya aina kadhaa, na watu walinunua nakala tatu, nne, tano, wakaziweka kwenye plastiki bila kuzifungua wakiamini zitawasomesha watoto. Nakala milioni mbili si wasomaji milioni mbili. Namba ile inatueleza juu ya soko la 1990 kuliko inavyotueleza juu ya mkono wa mchoraji.

Mark Bagley ni habari ya subira. Alikuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi kiwandani kabla ya kushinda shindano la Marvel la kutafuta vipaji, akachora The Amazing Spider-Man miaka ya 1990, kisha kuanzia 2000 akachora Ultimate Spider-Man namba 1 hadi 111 mfululizo na Bendis. Lee na Kirby, katika komiki ya Fantastic Four, mfululizo wao uliishia namba 102. Wanaosema "ni wa kawaida" wanasahau kwamba kuwa wazi kila mwezi, bila kukosa, vijana wakitofautiana sura na mavazi kurasa zaidi ya elfu mbili, ni kipaji chenyewe. Mpishi wa hoteli hupimwa kwa siku ya Jumanne mvua ikinyesha, si kwa pilau ya harusi peke yake.

John Romita mdogo, mtoto wa yule mzee, alianza kuchora kitabu hiki 1980 na akarudi tena na tena. Mistari yake ni ya pembe, kama matofali yaliyopangwa na mtu mwenye haraka, na mwanzoni ilinikwaza. Kisha nikaiona namba 36 ya hesabu mpya, maana Marvel ilikuwa imeanza tena kuhesabu kutoka 1, iliyotoka mwishoni mwa 2001 baada ya majengo ya New York kuangushwa, jalada lake jeusi tupu. Uzito ule wa matofali ndio uliohitajika. Baba yake asingeweza kuichora hivyo, na Ditko pia.

Na 2011 Sara Pichelli, Mwitaliano, alimchora kwa mara ya kwanza Miles Morales, kijana mwingine anayekuwa Spider-Man, na ndiye aliyembunia vazi jeusi lenye utando mwekundu. Kijana yule anatembea na kugeuza shingo kama watoto unaowaona kituo cha basi. Ukimfunika uso bado unajua umri wake. Barakoa ya Ditko, iliyofunika kila kitu tangu 1962, ndiyo iliyoruhusu mtoto mweusi wa Brooklyn aingie ndani ya vazi bila mtu kushtuka hadi alipoivua.

Kwa hiyo nikiulizwa nani bora, swali langu huwa: alipoondoka, aliacha nini ambacho waliomfuata hawakuweza kukitupa? Kwa kipimo hicho Romita aliacha nyuso. McFarlane aliacha utando na macho, na hata wanaomdharau wanavitumia. Andru aliacha mji, ingawa wengi wanaoutumia hawajui ni wa nani. Na nikitaka kusoma kwa raha tu, jioni, bila kutafuta lolote, namchukua yeye. Lakini Ditko aliacha mwili. Wengine wote wamepamba nyumba aliyoijenga, na siwezi kumweka mtu juu yake.

Ukibisha, tafuta namba 33, ya Februari 1966, na ufunike viputo vya maneno kwa kiganja. Spider-Man yuko chini ya maji ya mto, ndani ya ngome ya adui, amelaliwa na mtambo wa chuma mkubwa kuliko nyumba. Mbele yake, hatua chache tu, kuna chupa ya dawa ambayo bila hiyo shangazi yake atakufa. Dari linavuja. Ditko anakubana kwenye visanduku vidogo pamoja naye: kichwa kimeinama, kidole kinachokwaruza sakafu, tone la maji. Anajaribu, anashindwa. Anajaribu tena. Chuma kinapanda kidogo, mgongo unatetemeka. Kurasa zinakwenda hivyo, na hakuna uso wa kukuonyesha maumivu, kitambaa tu na mabega. Halafu unageuza, na mchoro unaujaza ukurasa wote: amesimama, mikono juu, mtambo umetupwa. Hakuna nafasi ya kushangilia, maana dari linapasuka na mto unaingia, na yeye, mguu mmoja haumfai tena, anainama kuiokota chupa.